Sanamu Nyeusi ya Fundi Aseng

Sabaha aliingia karakanani na panga mkononi, mtoto mgongoni.

"Liko wapi hilo dude?"

Fundi Aseng, seremala wa Kichina wa kambi ya mradi wa karanga Nachingwea, aliweka chini brashi yake ya rangi. Nyuma yake sanamu mbili za mianzi na karatasi zilisubiri maandamano ya kesho ya sikukuu ya Wachina. Moja, ndefu, ilikuwa imefunikwa shuka. Nyingine ilikuwa fupi, nene, uso mweusi tii, macho yamekodoka kama ya mtu anayekosa pumzi.

Kumbe Mwantumu, jirani wa Sabaha, hakusema uongo pale kisimani: "Kesho mumeo anatembezwa barabarani, kapakwa masizi, watu wacheke!"

"Karibu, shemeji," alisema Aseng.

"Shemeji yako nani? Mume wangu Kaimu aliondoka nawe kutengeneza daraja la njia ya Ruangwa, akarudishwa kwa machela, amekufa maji. Hata matangani hukuja. Leo unamchezea ngoma?"

"Nilikuwa nimelazwa."

"Mwezi mzima! Kufiwa nifiwe mimi, kuugua uugue wewe!"

Mtoto akaanza kulia. Sabaha alimpapasa mguu kwa mkono mmoja, panga likiwa juu kwa mwingine. Mwanawe hatakua akiitwa mtoto wa kinyago. Hilo hapana.

"Nisikilize kwanza, halafu kata," alisema Aseng. "Kwetu hawa wawili walikuwa watu, tena marafiki. Mvua iliwakuta chini ya daraja. Mrefu akasema, nisubiri hapa hapa, nakimbilia mwavuli. Maji yakajaa. Mfupi hakuondoka, maana alishaahidi. Alikumbatia nguzo mpaka uso ukawa mweusi. Mrefu aliporudi, hakukubali kuishi bila mwenzake. Ndipo watu wakawafanya miungu, wanawatembeza pamoja."

Sabaha alimsogelea.

"Kumbe! Ulimwambia mume wangu akusubiri. Ukaenda kujitafutia mwavuli, usilowe! Yeye kafa, na wewe upo, unapaka rangi!"

"Shemeji..."

"Nyamaza! Mwenzako wa kwenu alikuwa na haya, alimfuata rafiki yake. Wewe je?"

Akalinyanyua panga juu ya kile kichwa cheusi. Aseng hakumshika mkono. Alisogea pembeni kumpisha.

"Kata tu. Huyo mweusi ni mimi. Niliyesubiri chini ya daraja ni mimi."

Kisha akalivuta lile shuka. Sanamu ndefu ilijitokeza, uso mweupe, mwavuli mkononi, shingo imeinama kidogo, vile vile Kaimu alivyozoea kuinama akipita mlangoni kwake.

"Yeye ndiye aliyerudi, shemeji. Akajitosa majini kunitoa."