Msaidizi Asiye na Kifua

Tangu iwe sheria kila mtu awe na msaidizi wake wa akili mnemba, badala ya mmoja wa nyumba nzima, nilikuwa nimepata kupumua.

Yule wa zamani hakuwa na kifua hata kidogo. Nikimuuliza dawa ya mafua asubuhi, mchana mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, akimuuliza kama mvua itanyesha, anajibiwa, "Itanyesha. Na mkamwana wako ana mafua." Hapo hapo nagongewa mlango, naletewa uji wa pilipili manga kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Kero gani ile!

Basi fundi akaja, akatutenganishia. Wangu akaniambia, "Ukisema nami, tumesema wawili tu." Siku hiyo nilizungumza naye mpaka koo likakauka.

Jana mimba yangu changa ilitoka. Sefu, mume wangu, yuko safarini. Nilimwambia msaidizi peke yake. Akanipa pole vizuri, akanielekeza hospitali. Nilirudi, nikalala. Mlango haukugongwa.

Asubuhi nilimkuta Bi Mwantumu jikoni, anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Akaniamini, akaendelea kupepeta. Zamani angekuwa anajua tayari. Sasa ilibidi niseme mwenyewe.

"Mama, naomba unipikie uji wa pilipili manga."

"Una mafua?"

"Sina mafua, mama."

Ungo ukamtoka mikononi. Akanivuta kifuani kwake, nami nikalia mpaka nikapumua.