Kadi za Kifua

Kadi ya tatu aliikuta mfukoni mwa shati la kaki, imelowa nusu. Mama watoto akaikung'uta povu, akaisoma midomo ikimcheza: "Hana kifua cha kubeba habari hii."

Akaketi juu ya ndoo aliyoifudikiza. Pumzi zikamwishia hapo hapo. Siku hizi hata kukamua shuka kulimtoa jasho, sembuse hofu.

Kadi ya kwanza, ya Jumatatu, ilisema: "Doa kifuani, upande wa kushoto." Ya pili: "Kifua kimebana, ngazi hazipandiki." Zote mwandiko wa mumewe, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride.

Mwezi uliopita gari la vipimo lilisimama mtaani, wakapigwa picha za kifua wote wawili. Majibu alikwenda kuyachukua mzee peke yake. Alirudi akasema, "Wazima wote, mama watoto," kisha akasahau kula. Mtu anayekomba sufuria!

Mchana ule mzee alipojilaza, mkewe akamwekea sikio kifuani. Humo mlikuwa na mkoromo wa kusaga gunia zima la nafaka.

"Unanisikiliza kama redio?" mzee akazinduka.

"Kadi hizi ni za nini, baba watoto? Unakufa?"

Mzee akazitazama. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kuliko kilichohitajika.

"Si kazi hizo! Sisi watu wa kamusi tukifika kwenye neno, lazima tulitungie mifano." Akahesabu kwa vidole. Kifua, kuanzia chini ya shingo hadi mwanzo wa tumbo. Kifua, ugonjwa. Kifua, uwezo wa kutunza siri. "Na neno lenyewe la kale hilo. Lugha ndugu zetu, wengine husema chifuwa, wengine isifuba. Mama yao mmoja."

"Na huyo asiye na kifua ni mimi?"

"Kwani uongo? Mtaa mzima unajua soksi zangu zimetoboka wapi."

Akamtupia mto. Hofu ikamtoka, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika ukuta. Mzee alikuwa ameacha kucheka zamani.

Kesho yake mzee akasahau miwani nyumbani. Mkewe akamfuata nayo ofisini, ghorofa ya tatu, akipumzika kila penye dirisha. Mzee alikuwa mkutanoni. Karani, mwanamke asiyeishiwa maneno, akamkalisha kwenye meza ya mumewe.

"Shemeji, mbona unahema hivyo, umefukuzwa na mbwa?"

"Ngazi zenu hizi! Poleni na kazi ya kifua."

"Kifua kipi tena?"

"Neno hilo. Si ndilo mnaloliandika sasa?"

"Shemeji nawe! Herufi K tuliifunga mwaka juzi, iko kwa mchapaji. Sasa tuko S, sungura na sumu vinatutoa roho." Akaondoka akicheka, kwenda kumwita mzee.

Mama watoto akabaki na miwani mkononi. Kumbe alidanganywa. Mtu wake anakwenda, na hataki hata kuaga. Atabaki na nani wa kumtupia mto?

Akavuta droo.

Ilijaa kadi. Kumi, ishirini, karibu zote zimekatwa kwa wino mwekundu. Hayo ndiyo mazoea ya mzee. Hata salamu za harusi ya binti yao alizijaribu kwanza kwenye kadi, akazifuta mara tisa. Nyayo zake zilikuwa zinakuja ukumbini, mbio.

Kadi ya juu kabisa haikukatwa.

"Mke wangu, nilikuficha. Ile picha yenye doa ni yako."