Zabibu Zisizooshwa

Dodoma nzima, hewa ya kila nyumba ilichujwa mpaka haikubaki na kijidudu hata kimoja. Chakula hakikuchacha, wala watu hawakuugua. Ndiyo maana zabibu za Sechelela za kutengenezea mvinyo zilikaa mtungini wiki mbili zikiwa tamu vilevile, kama zimelogwa.

“Tia hamira ya kiwandani, mke wangu, yaishe,” alisema Mazoya.

“Sitii. Si hamira, si sukari, si ute wa yai wa kuusafishia. Mvinyo wa marehemu mama ulichacha wenyewe.”

Akazimwaga, akachuma nyingine, na safari hii hakuziosha. Akazikanyaga kwa miguu mitupu, kisha akapanda kigoda na kuzima mashine ya hewa. Mazoya akashika kichwa. Sechelela akafungua dirisha, vumbi la shambani likaingia.

Siku ya nne mtungi ulianza kunong'ona. Mazoya akainama, akatega sikio, akacheka kwa mshangao.

“Unachemka bila moto!”

Kisha akakohoa. Hakuna aliyewahi kukohoa katika nyumba ile. Alimtazama mkewe, mkono kooni, akingoja aambiwe ni kitu gani kilichomtoka.

Sechelela aliuchukua mwiko, akaendelea kukoroga.