Taa Isiyowaka

Fundi alikuwa akichuja oili chafu aliyoitoa jana katika gari la bintiye, ndipo kitambaa kilipobaki na vipande vya chuma, vyembamba kama magamba ya dagaa. Yalikuwa meno ya pampu inayosukuma oili ndani ya injini. Oili mpya aliyoitia, nzito kama asali ili kuinyamazisha injini iliyokuwa ikigonga, pampu hiyo isingeweza kuivuta.

Binti alikuwa katika mzunguko wa tatu wa mashindano.

Fundi akainyakua redio ya kuongea na dereva. “Mwanangu, zima injini! Toka barabarani!”

“Umeanza woga wako, Baba?” Binti akacheka. “Taa ya kuonya oili haijawaka hata kidogo.”

Mezani kilikuwapo kipande cha waya wa taa hiyo, alichokikata Fundi mwenyewe jana ili taa isimbabaishe binti yake.

“Baba,” kicheko kikakatika, “mbona injini imenyamaza?”