Milango Aliyoingia Shekue

Siku hizo kila mlango uliandika jina la aliyeingia, na mke aliruhusiwa kusoma nyendo za mumewe. Kwa miaka kumi na minne Nasra hakuwahi kusoma za Shekue. Shekue alipolazwa kwa kifua kikuu, daktari akamwomba Nasra asome, ili waliokaa na mgonjwa wapimwe.

Kila Jumamosi mumewe aliingia kwa Mwanaidi, shoga yake Nasra aliyemsuka nywele siku ya harusi.

Nasra akajifuta machozi, akaingia wodini na uji.

“Umesoma, mke wangu?”

“Sijasoma, baba Hidaya. Kunywa, usije ukapoa.”

Shekue akageukia ukutani, akalia. Simu yake ilikuwa imeshamjulisha kwamba mkewe amesoma, na muda aliokaa akilitazama jina la Mwanaidi.