Sahihi ya Pili

Siku Kitinda alipoondoka asirudi, lori lake halikuondoka. Lilibaki uani mwa karakana ya jeshi, pua imeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Aliyelizuia ni kaka yake wa tumbo moja, fundi umeme ambaye karakana nzima ilimwita Mkimya. Asubuhi ya msafara kila lori zito lilipimwa altaneta, mashine inayochaji betri, kabla ya kutoka. Injini inanguruma, taa zote na feni zinawashwa, kisha mita inashikizwa kwenye betri. Lori zima husoma volti ishirini na nane. La Kitinda, Mkimya aliliandikia ishirini na mbili. Halichaji. Lisitoke.

"Kaka, acha utani," Kitinda alimwambia mbele ya madereva wenzake. "Gari hili linawaka kama kiberiti kipya! Hiyo mita yako ndiyo inataka daktari."

Madereva wakacheka. Mkimya hakuinua macho. "Kadi imeshaandikwa."

"Haya bwana. Mkubwa hakosei."

Mkuu wa msafara hakutaka pengo kwenye mstari. Akampa Kitinda lori la akiba, kongwe, ambalo altaneta yake ilikuwa nzima. Siku ya tatu breki zilimkatalia mteremkoni. Mtoto wake alizaliwa siku nne baada ya mazishi. Kitinda alikuwa ameomba ruhusa amsubiri, akanyimwa.

Altaneta mpya ilifika miezi miwili baadaye. Lakini karakana ile ilikuwa na sheria yake: kifaa hakitupwi kwa neno la mtu mmoja. Kabla hakijafunguliwa, fundi mwingine hukipima tena na kutia sahihi ya pili. Zamu hiyo ilimwangukia Mzee Miwani, aliyemfundisha Mkimya kazi tangu hajui kushika bisibisi.

Mzee hakulala vizuri. Alijua kwamba kutu kidogo kwenye kichwa cha betri, au kibanio kilicholegea, huidanganya mita. Je, kama kijana alipima vibaya? Mama yao alikuwa amebakiwa na faraja moja tu, naye aliirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Mkubwa wangu alitenda haki. Lori lilikuwa bovu, angefanya nini?" Faraja hiyo sasa ilining'inia kwenye ncha ya sindano ya mita.

"Unaweza kuniachia nikapime na mtu mwingine," alimwambia Mkimya.

"Nitakanyaga mafuta mimi, mzee wangu."

Akapanda, akakaa kwenye kiti cha mdogo wake. Kitambaa cha kufutia kioo, cha Kitinda, kilikuwa bado kimetundikwa kwenye kitasa cha dirisha. Hakukigusa.

Mzee Miwani alipiga msasa vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Akabana waya, akauvuta kuhakikisha. "Washa!"

Lori likaguruma. Taa zikawaka, feni ikavuma. Mzee akachutama, akafuta miwani yake kwa pindo la shati, akasogeza uso.

Ishirini na nane. Sindano ilitulia tuli, haitetemeki.

Akatoa vibanio, akavibana upya. Ishirini na nane.

Altaneta ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani. Kitinda angeondoka na lori lake, lenye breki zake nzuri, na leo angekuwa amembeba mwanawe. Kosa dogo la mkono! Na mkono wenyewe ni yeye aliyeufundisha.

"Ngapi?" sauti ikauliza kutoka juu.

Miaka thelathini na moja Mzee Miwani hakuwahi kuandika namba ambayo hakuiona. Akamfikiria yule mama. Akachukua kadi, akaiegemeza kwenye gurudumu, akaandika polepole.

"Ishirini na mbili," akasema kwa nguvu. "Ulipima sawa, mwanangu. Ni bovu."

Injini ikazimwa. Mkimya akashuka, akaja akasimama mbele yake. Akaichukua kadi, akaitazama ile namba, kisha akautazama mkono wa mzee uliokuwa umeificha mita nyuma ya mgongo.

"Umesoma ishirini na nane," alisema taratibu.

Mzee akaitoa mita mgongoni, akaishusha.

"Hata mimi siku ile nilisoma hiyohiyo. Nilitaka abaki amsubiri mwanawe."

Altaneta ile imelala kwenye vyuma chakavu nyuma ya karakana, na kadi yake ina sahihi mbili.