Koti la Baridi

Mzee wa Kijapani aliyekuwa kwenye kioo cha simu aliinamisha kichwa, akatabasamu, akainamisha tena. Nyuma ya Hamduni, sebule nzima ilibana pumzi. Mama yake, Bi Mgeni, alikuwa amepakata koti zito la mtumba, maana huko mwanawe alikoombea kazi ya ukalimani alisikia kuna theluji.

Mzee alimsifu Hamduni kwa kuijua lugha ile, akamshukuru kwa muda wake, akamtakia heri huko mbele aendako. Hamduni alikuwa ameisoma lugha hiyo kiasi cha kujua kwamba wenyewe hawamwambii mtu "hapana" usoni. Humfungia mlango kwa mikono miwili, taratibu, usije ukapiga kelele. Akainama, akashukuru. Kioo kikazimika.

"Mmeona wanavyomheshimu?" shangazi yake alidakia. Vigelegele vikapasuka, na majirani wakaitikia. Bi Mgeni akamvika mwanawe lile koti juu ya fulana, akamfunga kifungo kimoja kimoja mpaka kooni.

"Haya, mkalimani wetu," alisema, machozi ya furaha yakimlengalenga. "Hebu tufasirie. Amesemaje?"

Jasho lilimchuruzika Hamduni mgongoni. Alitafuta "hapana" ya upole katika lugha aliyofundishwa na mama huyuhuyu. Basi akatabasamu. Kisha akamwinamia polepole, kama yule mzee alivyomwinamia yeye. Na Bi Mgeni, huku akicheka, naye akainama.